Saini ya Jumatatu

Muuguzi alitaka kujua, kwa kipimo cha moja hadi kumi, maumivu ya Delmar Zastrow yamefika ngapi. Delmar alikuwa amelala chali, kichwa kimeinamishwa upande, maji ya chumvi yakimtiririka jichoni kwa mpira mwembamba na kuishia kwenye beseni lililoshikwa na mke wake, Arlys. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza.

"Nne," akasema.

"Nne?" Arlys akamtazama. "Umeuma mto wa watu mpaka umechanika, halafu nne?"

"Basi tano. Usinipangie."

Muuguzi akaandika nane na kwenda zake. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Ijumaa nyingine yoyote wangekuwa wamekaa mgahawani, mahali pao pa siku zote, Delmar akilalamika kwamba samaki wa kukaanga wamekuwa wadogo na viazi vimekuwa vingi. Badala yake, saa nane na dakika ishirini bomba lilichomoka mkononi mwake katika kiwanda cha jibini walikofanya kazi wote wawili, na magadi makali ya kuoshea mabomba yakapita chini ya miwani ya kinga na kumwingia machoni. Arlys, msimamizi wa wasafishaji, wakati huo alikuwa upande wa pili wa jengo akihesabu ndoo.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na upole ule ulimtisha Arlys kuliko ukali. Alisema jicho la kulia litapona. La kushoto hawezi kuahidi.

"Magadi hayana huruma," alisema. "Yanaendelea kula hata mtu akifika huku. Angeoshwa kwa maji mengi palepale, dakika kumi na tano bila kukatika, tungekuwa tunazungumza mengine. Alioshwa na nini?"

"Theluji," Arlys akajibu. "Alitoka nje akauzika uso kwenye theluji."

"Theluji." Daktari aliacha kuandika. "Hapakuwa na maji karibu?"

Palikuwa na tangi. Tangi la manjano la kuoshea macho, limetundikwa ukutani karibu na mlango wa kupakilia, lenye mkono ambao ukiushusha maji huruka juu yenyewe bila umeme wala bomba. Na kila Jumatatu asubuhi kwa miaka sita, Arlys ndiye aliyetia saini kadi yake ya ukaguzi.

"Yalikuwepo," akasema.

Delmar aligeuza uso ukutani. Maji ya chumvi yakakosa jicho, yakamwagika kwenye sketi ya Arlys, naye akadhani mumewe amegeuka kwa maumivu.

*

Jumamosi, Delmar akiwa amesharudishwa nyumbani, alikuja Pa Kou Xiong, msichana wa zamu ya Arlys, na sufuria ya supu ya kuku yenye majani yenye harufu kali. Alivua viatu kwenye chumba kidogo cha kuingilia, kama nyumba ile ilivyotaka. Viatu vya kiwandani vilikaa pale, makoti yalikaa pale, na maneno ya kiwandani pia yalikaa pale. Akina Zastrow walikubaliana hivyo zamani, baada ya mwaka mmoja wa kugombania shughuli za zamu mpaka chakula kikapoa mezani kila siku. Ukivuka kizingiti cha jikoni, kiwanda hakipo. Watu waliwasifu kwa utaratibu huo, na wao wenyewe waliuona ndio uliowavusha miaka thelathini na moja ya ndoa.

Pa Kou aliujua utaratibu, ndiyo maana hakuvuka kizingiti. Alimvuta Arlys kwa mkono mpaka kwenye makoti.

"Shangazi, kuna kitu sijamwambia mtu," akanong'ona. "Lile tangi. Mimi nilikimbia kuushusha ule mkono ili nimwite Anko arudi ndani. Halikutoa hata tone."

"Labda hukuushusha vizuri."

"Niliushusha mpaka mwisho. Kavu, Shangazi. Kavu kama mdomo wa meneja Gordy siku ya kuomba nyongeza." Hakucheka. "Na kingine. Anko hakulijaribu. Lilikuwa hapo, hatua mbili. Alilipita kama halipo, akaenda moja kwa moja mlangoni. Kamera imemchukua. Gordy ameitazama mara tatu."

Arlys alishika ukosi wa koti la mumewe lililoning'inia, akaushika kwa muda mrefu. Alikuwa akiiona kadi. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu chenye mistari ya tarehe, na swali moja juu: je, umefungua kifuniko, maji yamejaa na ni safi? Ndani ya miaka sita alikuwa amelifungua tangi mwaka wa kwanza wote, kila wiki, kwa kupanda kijingazi. Mwaka wa pili mara moja moja. Baadaye goti lilianza, watu wakapunguzwa, kazi za wanne zikawa za wawili, na maji ndani ya tangi, yeye alijiuliza, yangekwenda wapi? Hayana miguu. Akawa anatia saini akipita. Zaidi ya hapo, Ijumaa ileile asubuhi alikuwa ametia saini ya Jumatatu inayokuja, maana Jumatatu aliomba ruhusa ampeleke mama mkwe kwa daktari wa meno.

Alipoingia ndani alimkuta Delmar kwenye kiti chake, bandeji imefunika nusu ya uso.

"Del. Kwa nini ulilipita tangi?"

"Nilichanganyikiwa."

"Wewe? Wewe uliyezima moto wa jiko la kanisa ukiwa na sahani ya keki mkononi?"

"Nami nina haki ya kuchanganyikiwa mara moja katika maisha." Jicho lake zima lilimtazama, jekundu, limechoka, na ndani yake kulikuwa na upole ambao Arlys hakuuelewa. "Na tusiingize kiwanda ndani, mama. Tafadhali. Supu hiyo ni ya nani?"

Alipakua supu. Akamshikisha kijiko mkononi.

*

Jumatatu hakukuwa na daktari wa meno. Gordy Pflueger, meneja, alimpigia simu afike kabla ya zamu. Nje baridi ilikuwa ile ya kugandisha pua, na gari liligoma mara mbili kabla ya kuwaka.

Ofisini kwa Gordy mezani palikuwa na kikapu kimefungwa kwa nailoni na utepe mwekundu. Ndani yake jibini, soseji na biskuti. Arlys alilitambua jibini lile. Lilikuwa la mkupuo wa Desemba, ule uliokataliwa kwa kuwa na nyufa.

"Cha Delmar," Gordy akasema. "Kutoka kwetu sote. Anaendeleaje, mzee wetu?"

"Anaendelea."

"Mtu wa chuma yule. Keti, Arlys. Usisimame kama mgeni."

Akaketi. Gordy hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa walio juu yake, na mtu wa namna hiyo ukimkosesha njia ya kupita, atapita juu yako na kukuomba radhi akiwa anapita.

"Mkaguzi wa serikali anafika saa tatu," akasema. "Atauliza habari za tangi. Sasa mimi sikuulizi kitu. Sitaki kujua. Najua tu kwamba kadi yako ni safi, kila wiki, na kamera inaonyesha Delmar akipita bila kuligusa. Hiyo ni bahati mbaya yake, masikini. Mtu akipata kiwewe hufanya mambo. Serikali haitatutoza faini kwa kiwewe."

"Na fidia yake?"

"Watu wa bima wataikata. Watasema maji yalikuwepo, yeye hakuyatumia." Akainua mkono kabla Arlys hajasema. "Lakini sisi tutamwangalia. Akipona tutampa kazi ya kukaa, kuhesabu maboksi. Na wewe kazi yako iko palepale. Bima yenu ya afya iko palepale. Hivyo ndivyo vya kufikiria sasa, si ndiyo? Macho yana gharama."

Bima ilikuwa ya Arlys. Tangu abadilishwe nyonga, Delmar alifanya kazi nusu siku kama fundi wa mabomba na makufuli, na nusu siku haina bima. Gordy alijua. Alikuwa amelizungumza jambo hilo taratibu, kama mtu anayemsogezea mwenzake sukari.

"Unataka nifanye nini, Gordy?"

"Kazi yako tu. Lichukue tangi, lioshe, lijaze, litundike." Akafungua droo, akatoa kadi ya ukaguzi na kuisukuma mbele yake. Akagonga mstari wa mwisho kwa ukucha. "Tazama, hata sihitaji kukuomba saini. Umeshatia ya leo tangu Ijumaa. Kilichobaki ni kuifanya iwe kweli."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomchoma Arlys hadi kwenye mifupa. Funika kombe mwanaharamu apite. Akaichukua kadi, akaitia mfukoni. Kikapu alikisahau, Gordy akamfuata nacho mpaka kwenye korido.

*

Tangi lilikuwa jepesi. Kabla ya kulitoa ukutani alijiandaa kwa uzito, akapinda magoti kama walivyofundishwa, na likaja mikononi kama boksi tupu nusura limwangushe. Alilibeba mpaka chumba cha kuoshea vyombo, akaliweka ndani ya sinki kubwa, akafungua bomba la maji ya moto yapate kuchemka vizuri. Kisha akashika kifuniko. Kilikuwa kimekaza, kama kitu kisichoguswa siku nyingi, na ilibidi akizungushe kwa kitambaa.

Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na kipande cha selotepu ya kijivu, ile ya mafundi, na juu yake maandishi ya kalamu ya wino mzito. Herufi zote kubwa, zimeinama kushoto. Angezitambua popote. Zilikuwa juu ya kila boksi la mapambo ya Krismasi nyumbani kwake, na kila chupa ya misumari.

ARLYS. NIMETOA MAJI, HAPA MLANGONI YANAGANDA, LITAPASUKA KAMA LA MWAKA JANA. MWAMBIE GORDY ALIHAMISHE. WEWE ANAKUSIKIA. NOV 14. D.

Alisoma mara ya kwanza akaelewa maneno. Mara ya pili akaelewa mengine yote.

Delmar alikuwa mtu wa kutoa maji. Kila vuli alitoa maji ya mpira wa bustani, ya kibanda cha ziwani, ya mashine ya kuoshea gari la jirani ambaye hakumwomba. Katika nchi ile mtu asiyetoa maji kabla ya baridi huambulia mabomba yaliyopasuka na kuchekwa. Na tangi la mwaka jana lilipopasuka, Gordy alinung'unika mwezi mzima. Basi Delmar alitoa maji, kisha akaacha barua mahali ambapo mtu mmoja tu angeiona, mtu anayefungua kifuniko kile kila Jumatatu. Mkewe. Hakuhitaji kumwambia nyumbani. Nyumbani kiwanda hakikuwepo.

Arlys alihesabu kwa vidole juu ya ukingo wa sinki. Jumatatu kumi na moja. Jumatatu kumi na moja mumewe alipita pale akaiona saini mpya, akajua: amesoma. Ijumaa macho yakiwaka moto alilipita tangi kwa kuwa alijua ni tupu, na alijua na mkewe anajua. Kisha akalala hospitali, akamsikia mkewe akimwambia daktari kwamba maji yalikuwepo, na akageuza uso ukutani, akanyamaza. Si kwa maumivu. Alikuwa akimfichia siri.

Mvuke wa bomba ulijaa chumbani. Arlys alilia akiwa amesimama, kwa kwikwi fupi za mtu asiye na nafasi ya kulia, huku maji ya moto yakienda bure. Halafu akalifunga bomba. Ndani ya tangi hayakuingia maji.

*

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo aitwaye Hruska, mwenye mafua na daftari la waya. Gordy alimtembeza kwa maneno mengi mpaka kwenye mlango wa kupakilia. Tangi lilikuwa limetundikwa mahali pake. Arlys alikuwa amesimama chini yake, na Pa Kou mbali kidogo, akijifanya anafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

"Nani hulikagua?" Hruska akauliza.

"Huyu hapa," Gordy akasema. "Mtu wangu wa kuaminika kuliko wote. Kadi imejaa, utaiona."

"Mimi," Arlys akasema, akaitoa kadi. "Saini zote ni zangu. Hata ya leo, na ya leo niliitia Ijumaa."

Hruska aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Arlys amechoka," Gordy akasema haraka. "Mumewe ndiye—"

"Nimechoka, ndiyo. Lakini kusema ninaweza." Akamgeukia mkaguzi. "Sijafungua tangi hili tangu sijui lini. Natia saini nikipita. Ijumaa halikuwa na maji. Mume wangu alilipita kwa sababu alijua halina. Fungua kifuniko, mama, utasoma mwenyewe."

Hruska aliomba kijingazi. Alipanda, akafungua, akasoma, akapenga kamasi, akasoma tena. Akapiga picha mbili. Alipoteremka alimtazama Arlys kwa namna ya mtu aliyekwisha kuona mengi na bado hajazoea.

"D ni nani?"

"Ndiye aliyeko nyumbani na bandeji."

"Na Arlys ndiye wewe."

"Ndiye mimi."

Gordy alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisubiri Hruska aende kupima umbali wa sinki, kisha akamsogelea Arlys. Hakupaza sauti.

"Unajua umejifanya nini? Ningekutetea mpaka mwisho."

"Najua, Gordy."

"Nipe funguo. Nenda nyumbani usubiri simu. Bima inakwenda mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo sijui." Akapokea funguo, akazihesabu kwa mazoea. "Mungu wangu, Arlys. Kwa selotepu."

Pa Kou alimfuata mpaka kwenye gari bila koti, akamtilia kile kikapu kwenye kiti cha nyuma. "Hata kama jibini lina nyufa, Shangazi, linalika," akasema.

*

Arlys aliingia jikoni na viatu. Theluji ya kiwandani ikayeyuka juu ya zulia. Delmar alikuwa mezani akisikiliza redio, akageuza kichwa kwa sauti ile asiyoizoea.

"Una viatu."

"Ninavyo." Akavuta kiti akaketi mbele yake. "Nimesoma ulichoniandikia."

Delmar alizima redio. Kidole gumba chake kikawa kinasugua alama ya kikombe juu ya meza.

"Lini?" akauliza.

"Leo asubuhi."

"Leo?"

"Leo, Del. Sikuwa nafungua. Natia saini tu. Nimemwambia mkaguzi. Kazi imekwenda, na bima inakwenda mwisho wa mwezi. Mkaguzi anasema fidia yako sasa ina mguu wa kusimamia, lakini itachukua muda." Yote aliyatoa kwa pumzi moja. "Sikujua halina maji. Nakuapia. Ulidhani ninajua?"

"Nilidhani umemwambia Gordy akapuuza. Au hukupata nafasi. Au umesahau." Alitafuta maneno. "Nilijisemea nikiongea watakufukuza. Jicho limekwenda, na wewe nawe uende, ya nini?"

"Wiki kumi na moja hukuniuliza hata mara moja."

"Tulikubaliana. Mambo ya kiwanda mlangoni."

Wote wawili walitazama viatu vyake na maji machafu yaliyokuwa yakisambaa. Hakuna aliyeinuka kuyafuta.

"Nilikusamehe Ijumaa ileile, ndani ya gari la wagonjwa," Delmar akasema hatimaye. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimwia Arlys zito zaidi. "Haikuwa rahisi, lakini nilimaliza. Sasa naona nilikusamehe kosa ambalo hukulifanya. Hili jingine itabidi nianze upya."

"Anza pole pole," Arlys akasema. "Sina pa kwenda kesho."

Delmar akatoa pumzi puani, karibu na kicheko lakini si kicheko. Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa sita, wakati wa dawa. Arlys alinawa mikono, akachukua ile chupa ndogo ya matone ya macho iliyokuwa dirishani, akasimama nyuma ya kiti na kuifungua bandeji. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyokatika. Delmar aliegemeza kichwa kwenye tumbo la mkewe, akavuta ukope chini kwa kidole mwenyewe, kama walivyoonyeshwa.

Arlys aliinua chupa.

"Umesoma?" Delmar akauliza.

Mkono wake ukasimama hewani. Toka Ijumaa alikuwa amemtia matone yale mara kumi na nne, na kila mara aliyatia kama muuguzi alivyomwambia kwa mdomo. Aliteremsha mkono, akatafuta miwani yake mfukoni, akaivaa. Maandishi ya chupa yalikuwa madogo mno. Akasogea dirishani penye mwanga, na kwa sauti ya kusikika akaanza kusoma, kuanzia neno la kwanza juu kabisa, huku mumewe akingoja kichwa kikiwa nyuma na ukope ukiwa wazi.